Kigugumizi na usaili wa kazi

Mdogo wangu, nimekuelewa: usaili wiki ijayo hapa Tanga, na jina lako linakwama kwenye "B". Mimi pia nina kigugumizi. Usiruke neno gumu ukatafuta jingine. Kukwepa huko ndiko kunakoongeza hofu. Ukishaketi tu, sema, "Nina kigugumizi, naomba mnisubiri nimalize." Ukishasema, huna tena cha kuficha. Kwenye "B" gusanisha midomo kwa ulaini, usiikaze, pumzi ipite. Jizoeze sokoni Ngamiani, uulize bei ya nazi muuzaji baada ya muuzaji, hata ukikwama. Simu ni ngumu zaidi, ila piga. Lakini kama kimekuanza ghafla ukubwani, au baada ya kuumia kichwa, wahi Hospitali ya Bombo.