Siku tano za theluji: uanze na skii au snoubodi?

Mkuu, umeuliza: hujawahi kukanyaga theluji, unazo siku tano tu mlimani, uchukue skii au snoubodi? Nimeangushwa na vyote viwili, kwa hiyo nivumilie nikiandika kirefu.

Kwa siku tano, chukua skii. Ungekuwa na msimu mzima ningesita.

Tofauti kubwa iko miguuni. Kwenye skii kila mguu una ubao wake na unatazama unakokwenda. Kwenye snoubodi miguu yote imefungwa kwenye ubao mmoja, nawe unashuka ubavu. Mwenye skii akitaka kupunguza mwendo anakutanisha ncha za mbele na kutanua visigino, basi mwendo unakatika. Hilo nililishika asubuhi ya kwanza, na jioni nilikuwa nashuka mteremko wa wanaoanza bila kushikwa mkono. Kwa mbinde, lakini nilishuka.

Snoubodi ilininyoosha. Siku mbili za mwanzo nilikaa chini kuliko nilivyosimama. Ubao una kingo mbili za chuma, mmoja upande wa vidole na mwingine upande wa visigino, na muda wote lazima uegemee mmojawapo. Ukijisahau ubao ukalala bapa, ukingo wa upande wa bondeni unakita kwenye theluji. Mimi nilikuwa nimeegemea visigino, najiona nimeshaiva, nikageuza shingo kumwangalia mwenzangu. Sikupata hata muda wa kusema "yalaa". Ukingo wa vidole ulikita, nikapigwa mweleka kifudifudi, viganja vikitangulia. Kifundo cha mkono kilivimba hata kufunga zipu ya koti nikawa naomba msaada.

Na ndivyo maumivu yenyewe yalivyogawana: snoubodi hupenda vifundo vya mikono, skii hupenda magoti. Skii ni ndefu. Ikinasa huku mwili unaendelea kuzunguka, goti ndilo linalosokotwa. Ndiyo maana vishikizo vya skii hutegwa viachie kiatu ukianguka vibaya, na hutegwa kwa kuangalia uzito, kimo na uwezo wako. Anayekukodisha akikuuliza kilo zako, mwambie ukweli. Usijipunguze wala usijifanye fundi. Vya snoubodi haviachii, unaanguka na ubao wako.

Kuna na kero ndogo ndogo. Viatu vya skii ni vigumu kama ndoo, ukitembea navyo unafanana na roboti. Vya snoubodi ni laini, unaweza kupanda navyo ngazi vizuri tu. Ila mwenye snoubodi akifika kwenye lifti ya viti anafungua mguu wa nyuma, akishuka anafunga tena, na njia ikiwa tambarare anasukuma kwa mguu mmoja huku wenye skii wanampita na fito zao.

Sasa mbona nilisema ningesita? Kwa sababu baadaye mambo hugeuka. Mtu wa snoubodi akishaziweza kingo zake anapaa haraka, na kwenye theluji laini ya kina ule upana wa ubao unamwelesha. Mtu wa skii anabaki miezi akihangaika kuziweka skii zake sambamba bila kutanua visigino.

Kuhusu ule ubishi wa kipi ni mchezo wa kweli, mimi simo. Skii zilikuwepo kwenye Olimpiki ya kwanza ya majira ya baridi kule Chamonix mwaka 1924, snoubodi ikaingia Nagano 1998, na hadi leo vituo vya skii vya Alta na Deer Valley kule Utah, Marekani, haviruhusu snoubodi mlimani kwake. Lakini kwenye Olimpiki ya mwaka 2018 kule Pyeongchang, Ester Ledecká wa Ucheki alitwaa dhahabu ya skii kwa tofauti ya sekunde 0.01, kisha wiki moja baadaye akachukua na ya snoubodi. Wabishani wajibizane naye.

Ukinipuuza ukachukua snoubodi, sawa, lakini vaa helmeti, tafuta kinga za vifundo vya mikono, weka na kitu kinene cha kulinda makalio. Ukiona unaanguka kwa mbele, kunja ngumi upokee kwa vigasha, usitandaze viganja kama nilivyofanya mimi.