Ufukweni au uwanjani? Mi nauliza kwanza unaenda na nani

Swali lenu la wiki hii linauliza ukipata siku moja ya mapumziko hapa Dar utaenda ufukweni au uwanjani kuangalia mchezo. Nimelisoma nikiwa kwenye mwendokasi natoka kazini nikasema hili ni langu, maana mi nauza duka la vitenge Kariakoo na siku yangu ya kupumzika ni Jumapili peke yake, tena kama tajiri hajashusha mzigo.

Jibu la haraka ni ufukweni, asinibishie mtu. Wiki nzima nimesimama, nimekunja na kukunjua vitenge, nimebishana bei na wateja mpaka sauti imekauka, halafu Jumapili niende tena kwenye kelele? Naenda zangu Coco, natandika kanga, nakula mihogo na kachumbari na ile pilipili yao, upepo unapiga, basi. Hata kuogelea sina haja. Mbudya pazuri sana ila ukishalipa boti pale Kunduchi na kiingilio, na una watoto, hela imekwenda. Kigamboni nako napapenda, shida ni jioni kurudi, foleni ya pantoni inamaliza raha yote. Na uwanjani kwa wengi wetu maana yake ni Simba na Yanga kwa Mkapa, sasa hayo jamani si mapumziko, mtu unatoka nyumbani tayari presha iko juu.

Ila kilichonigusa kwenye swali lenu ni kwamba hamjauliza unaenda na nani. Kwangu mimi hilo ndo lenyewe.

Mi naishi na mtoto wa dada yangu, dada yuko Mwanza, kijana anasoma sekondari na anacheza besiboli. Ndiyo, besiboli, upo Dar hapa hapa. Uwanja wake uko Azania sekondari pale Upanga, Wajapani ndo waliosaidia kuujenga, na mashindano ya taifa yanaitwa Tanzania Koshien, jina limetoka kwenye uwanja wa Koshien huko Japani ambako vijana wa sekondari wanashindania ubingwa wao tangu 1924. Mtaani kwetu wanamwambia aache, mchezo gani huo hauna hata goli, acheze mpira apate hela. Inaniuma sana hiyo kauli kwa sababu namuona anavyofua ile suruali nyeupe ya timu usiku, anasugua magoti kwa brashi mpaka udongo utoke.

Basi Jumapili moja akaniambia mamdogo njoo leo, tunacheza. Mi nilishapanga Coco. Nikamwambia nitakuja kidogo tu halafu nakwenda zangu. Nikafika, timu zote mbili zimejipanga mstari zinatazamana, wakavua kofia wakainamiana kwa heshima ndo mchezo ukaanza. Hapo tu nikakaa chini.

Sasa nisikilizeni. Raundi ya mwisho, timu yao iko nyuma kwa pointi moja, mwenzao mmoja kasimama besi ya tatu, kituo cha mwisho kabla ya nyumbani, pale anaposimama mpigaji, akifika hapo nyumbani wamesawazisha. Auti imeshatoka moja, yaani mchezaji wao mmoja ameshatolewa. Anaingia mwanangu kupiga. Mi nimesimama, kanga nimejifunga kichwani, napiga kelele piga hiyo, piga ivuke ukuta! Mrushaji akarusha, na huyu mtoto badala ya kupiga kwa nguvu akageuka akashika ile fimbo mikono miwili, mkono mmoja ameusogeza juu karibu na ncha, akaigusisha mpira taratibu tu, mpira ukadondoka mbele yake ukawa unabiringika polepole kwenye udongo. Nikasema ameharibu! Mrushaji kakimbilia mpira, kauokota, katupa besi ya kwanza, mpira ukafika kabla yake, mwanangu auti. Anatoka anakimbia kichwa juu na wenzake wanamrukia, wanampiga mgongoni, kwa sababu yule wa besi ya tatu alishaondoka zamani na amefika. Binti mmoja pembeni yangu, yeye anacheza softiboli, mchezo ndugu wa besiboli, akaniambia mama, hajakosea, amejitoa yeye ili mwenzake aingie, kocha ndo kampa ishara.

Nililia, na nasema hivo bila aibu. Huyu mtoto nyumbani hata kugawana chapati na mdogo wake ni ugomvi.

Wakaja kufungwa baadae, lakini hilo sina maneno nalo.

Mzazi mmoja akatupa lifti tukapita Daraja la Tanzanite, tangu lifunguliwe 2022 kutoka Upanga kwenda Coco ni fasta. Maji yalikuwa yamekupwa, mchanga umelowa, kijana akanichorea besi zote kwa kisigino akanionyesha kwamba kati ya besi na besi ni kama mita 27, mpira ukienda polepole yule mtu anakuwa ameshapiga hatua nyingi kabla haujaokotwa. Nikamuuliza na we hukutaka kupiga mbali usifiwe? Akasema nilitaka mamdogo, ila tungeweza kukosa yote. Tukala mihogo mpaka giza.

Kwa hiyo nimeanza na ufukweni na naona mkono unaniandikia uwanjani. Sawa, andikeni uwanjani, ila kwa masharti. Awe anacheza mtu wako, kama hakuna wako mi sitoki Mbagala kwenda kukaa juani. Na kama wiki hiyo miguu imevimba kwa kusimama dukani basi ufukweni, tena peke yangu, simu nimezima. Wazazi wenye watoto wanaocheza michezo hii isiyo na mashabiki, besiboli, mpira wa wavu, riadha, nawaomba kabisa mwende hata mara moja, pale nilipokaa wazazi tulikuwa wa kuhesabu na watoto walikuwa wanageuka geuka kuangalia nani kaja.

Mkienda Azania bebeni mwavuli na maji ya kutosha, jua la saa sita pale halina utani.