Windows 95 kwenda 98 kwenye Pentium MMX: nilivyochemka mara ya kwanza

Mkuu nimesoma swali lako mara mbili. Una Pentium MMX 200, RAM megabaiti 32, diski ya giga 2, Windows 95 haijawahi kubadilishwa, na unataka kuipandisha iwe XP ama Linux kwa sababu flashi haisomi na mafaili ya zamani yamekwama humo ndani. Jibu fupi: weka 98 SE (toleo la pili la Windows 98), achana na XP, ila usiguse chochote kabla hujayatoa hayo mafaili. Jibu refu ndo hili, maana mashine ya aina hiyo ninayo na mara ya kwanza nilichemka vibaya sana.

XP tuimalize haraka. Masharti yake rasmi yalikuwa prosesa ya megahezi 233 na RAM 64 kwa uchache, ya kwako haifiki hata hapo. Na hata inayofika ni mateso tu, nimewahi kuiona kwenye RAM 64, unabonyeza Start unakaa unasikiliza diski inavyokwaruza ndo menyu ije. Linux siipingi, laptop yangu ya kila siku ndo inayotumia, lakini Debian kwa mfano, moja ya Linux kubwa, waliacha prosesa za daraja la 586 kuanzia toleo la 9 mwaka 2017, na hiyo MMX yako ni 586. Watakuja watu hapa kukutajia vidistro vidogo vidogo, yaani Linux nyepesi, sawa, waambie wakuonyeshe kimewaka kwenye RAM 32 na brauza imefunguka.

Sasa mimi nilichofanya. Nilikuwa na 95 kama wewe, nikachomeka CD ya 98 humo humo ndani ya 95, nikabonyeza setup, nikakubali kila kitu, nikaenda zangu. Narudi imefika kama nusu, haisogei, halafu nasikia tak... tak... kimya... tak. Yaani ile diski kwa miaka ilizoea kuwashwa dakika kumi nionyeshe watu kisha izimwe, leo inaambiwa iandike mamia ya megabaiti bila kupumzika. Ikafa pale pale. Ikafa na kila kilichokuwemo, na kilichoniuma zaidi ni draiva ya kadi ya sauti, maana CD yake ilishapotea kitambo na ile kadi haina jina popote. Ikabidi niichomoe nisome namba kwenye chipu yenyewe, herufi zimefutika nusu, nikawa naigeuza huku na huku chini ya tochi ya simu mpaka mwanga uzipate kwa ubavu, namba moja moja, naandika kwenye karatasi. Kuipata draiva yenyewe ilinichukua wiki tatu.

Kwa hiyo wewe anza hivi. Ingia Device Manager ya hiyo 95 ukiwa bado unayo, fungua kadi ya sauti, andika inatumia anwani gani, IRQ gani, DMA gani (ni namba kadi inazotumia kuwasiliana na mashine). Kisha fungua autoexec.bat, faili la amri zinazoendeshwa mashine ikiwaka, utazame kama kuna mstari wa SET BLASTER, mara nyingi unakuta A220 I5 D1, ni hivyo hivyo vitu vitatu vimefupishwa, uandike ulivyo maana gemu za DOS zitauulizia. Angalia pia ni 95 ipi, rait kliki My Computer, properties, utaona 4.00.950 na labda herufi mbele. Ikiwa ni B au C basi inaweza kutumia FAT32 (FAT ni namna Windows inavyopanga mafaili kwenye diski), ikiwa haina herufi au ni a ni FAT16, na hapo patisheni moja haivuki giga 2, halafu ikishapita giga 1 kila kafaili hata kawe ka mstari mmoja kanakula kilobaiti 32.

Ukimaliza, kabla hujatoa chochote, ingia BIOS (programu ya msingi ya bodi inayokumbuka saa na diski) upige picha kurasa zote kwa simu, kisha zima, chomoa waya wa umeme, fungua boksi utazame betri. Kama ni ile ya duara CR2032 badilisha tu bila kuwaza. Kama huoni betri ila kuna kidude cheusi cha mstatili kimeandikwa Dallas, betri imo ndani yake na labda ilishakufa, ndo maana saa inarudi nyuma na BIOS inasahau diski. Nawajua watu waliotupa diski nzima kabisa kwa sababu BIOS ilisahau namba zake, wakadhani imekufa.

Halafu toa diski, ichomeke kwenye kompyuta ya kisasa kwa adapta ya IDE, yaani ile kebo pana ya diski za zamani, kwenda USB (iwe ile yenye waya wake wa umeme, diski ya inchi 3.5 haitoshelezwi na USB peke yake), na usikopi mafaili tu, vuta diski nzima iwe faili moja kwa dd au ddrescue, programu za Linux za kunakili diski. Mimi napenda ddrescue kwa sababu ikikuta sehemu mbovu inairuka inaendelea na nyingine kisha inairudia mwishoni, badala ya kung'ang'ana hapo hapo mpaka diski ife. Pia Windows ya kisasa ikikuuliza kama unataka kuiformati kataa, inauliza kwa sababu haijaielewa tu.

Ukishakuwa na hiyo nakala ule moyo wa kudunda unatulia. Na hapa ndo ushauri wangu unapotofautiana na wengi, mimi nasema usiapgredi juu ya 95. Diski yenye 95 iweke kabatini kama ilivyo, tafuta kadi ya kumbukumbu ya CompactFlash na adapta yake ya IDE, 98 uiweke humo. Kadi haina kelele, haina cha kuchakaa kwa mzunguko, na siku 98 ikikuudhi unarudisha kebo kwenye diski ya zamani, dakika tano umerudi 95. Chukua kadi ya giga 4, ya 8 ikizidi sana, kwa sababu BIOS nyingi za miaka hiyo zinaishia giga 8.4, na nyingine ukiipa diski ya zaidi ya giga 32 inaganda kabla hata hujaona kitu. Kebo mstari mwekundu uende pini namba 1.

Kuinstoli sasa. Buti na flopi ya 98, chagua ile yenye CD, na usishangae CD ikiwa E badala ya D, ni kwa sababu ile flopi inatengeneza diski ya bandia kwenye RAM na inachukua D. Endesha fdisk ya kugawa diski, ikikuuliza habari ya diski kubwa jibu Y ndo unapata FAT32, tengeneza patisheni, riisitati, format c: /s. Halafu, hii watu wengi hawaijui, pakia smartdrv kwanza, kiprogramu cha DOS kinachoharakisha kusoma na kuandika diski. Kwenye hiyo flopi haimo, itoe kwenye folda ya WINDOWS ya ile nakala uiweke kwenye flopi mapema. Bila smartdrv kukopi kutoka CD ukiwa DOS ni kazi ya kukaa unahesabu mafaili, ukiwa nayo unaona tofauti mwenyewe. Kopi folda yote ya WIN98 kutoka CD iwe C:\WIN98 na setup uianzishie humo, hutakaa uulizwe CD tena kila ukibadilisha kadi au kibodi.

Katikati itafika mahali inatafuta hadiwea na inaweza ikaganda kabisa, mausi haitembei, taa ya diski imezima. Mimi iliganda mara mbili. Subiri dakika kadhaa za kweli, sio sekunde thelathini, kisha zima kwa swichi yenyewe ya umeme, usitumie Ctrl+Alt+Del, uwashe tena. Setup inaacha faili linaitwa DETCRASH.LOG lenye kumbukumbu ya kilichoigandisha, ikirudi inakiruka kile inaendelea mbele. Ukianza upya kutoka mwanzo kwa hasira, na mimi nilifanya hivyo, unaganda pale pale.

RAM: 98 kwenye 32 inakwenda, ila 64 ndo inakaa vizuri. Usije ukafurahi ukaweka 128. Kama bodi yako ina chipseti (chipu kuu za bodi) ya 430VX au 430TX, na nyingi za MMX ndo hizo, keshi (kumbukumbu ya kasi inayoharakisha RAM) inafika megabaiti 64 za kwanza tu, na Windows inaanza kutumia RAM kutoka juu, kwa hiyo unaongeza RAM mashine inakuwa nzito. Mimi nilibishana na hili wiki nzima mpaka nilipochomoa kipande kimoja.

Mafaili ya zamani chomeka ile diski kama slevu (diski ya pili kwenye kebo) siku moja tu, ukopi ukiwa ndani ya Windows. Usikopi ukiwa DOS tupu, majina marefu yote yanakatwa yanakuwa herufi 8 na ~1, na kuyarudisha hutaweza. Programu za DOS zinahama kwa kukopi folda tu, za Windows utaziinstoli upya.

Na flashi yako, ambayo ndo chanzo cha yote haya: 98 SE yenyewe haisomi flashi bila draiva ya kila flashi, ila kuna kifurushi watu wamekitengeneza kinaitwa nusb, ukishakiweka flashi za kawaida zinasoma. Kiweke mapema, kabla hujaanza kuchomeka chomeka vitu, na flashi iwe FAT32. Kasi usitegemee, hiyo ni USB ya megabiti 12 kwa sekunde, lakini kwa nyaraka inatosha. Intaneti sahau, tovuti za sasa hazifunguki kwenye brauza za wakati ule kwa sababu usimbaji wake ni mpya, na hata zingefunguka mimi nisingeichomeka.

Ukishafungua boksi tupia hapa picha ya bodi, nitakuambia ni VX au TX kabla hujatafuta RAM. Na kama ukiiwasha leo unasikia hilo tak, zima, usijaribu mara ya pili, anza na ddrescue moja kwa moja.