Je, bariamu ikiongezeka kwenye mashapo, ina maana bahari ilikuwa na rutuba zaidi?

Swali: Msomaji anachunguza mashapo yaliyochimbuliwa kwenye sakafu ya bahari kuu. Katika tabaka la chini amepima bariamu, elementi ya metali, miligramu 900 kwa kila kilo ya mashapo makavu, pamoja na aluminiamu asilimia 4. Katika tabaka la juu bariamu imefika miligramu 1,100 na aluminiamu asilimia 8. Anauliza kama ongezeko hilo linathibitisha kwamba viumbe vilistawi zaidi wakati tabaka la juu likijengeka, na bariamu hiyo ilifikaje sakafuni ilhali sehemu kubwa ya maji ya bahari haina bariamu ya kutosha kuunda fuwele.

Jibu: Nianze na swali la pili, kwa kuwa la kwanza halijibiki bila hilo.

Bariamu huingia baharini hasa kwa njia ya mito, nyingine ikiwa imeyeyuka na nyingine imenata kwenye chembe za udongo, ambazo huiachia zinapokutana na maji ya chumvi mlangoni mwa mto. Maji ya juu ya bahari kuu huwa na bariamu ya nanomoli 30 hadi 50 hivi kwa kilo (moli ni kipimo cha kiasi cha kemikali, na nanomoli ni sehemu yake moja ya bilioni), lakini kwenye kina cha Pasifiki ya Kaskazini kiasi hicho hukaribia 150. Mpangilio huo wa uchache juu na wingi chini unafanana na ule wa virutubisho, na ndiyo maana wengi hudhani kwamba bariamu huliwa na planktoni, viumbe vidogo vinavyoelea majini. Ukweli ni kwamba mwani wa baharini hauihitaji ili ukue, kama unavyohitaji fosfeti. Kazi kubwa ya kuiondoa majini hufanywa na kuoza.

Mabaki ya planktoni na vinyesi vyao hushikamana kuwa vibonge laini vinavyozama, na kati ya mita 200 na 1,000 bakteria huvishambulia kwa nguvu. Ukikitazama kibonge kimoja kwa karibu, utakuta ndani yake hali iliyo tofauti kabisa na ya maji yanayokizunguka: bariamu hunaswa kwenye ute wa bakteria, mara nyingi pamoja na fosfeti, ikajilimbikiza mpaka ikaungana na salfeti, ambayo haijawahi kuwa adimu kwani maji ya bahari ya leo yana milimoli 28 hivi kwa kilo, na milimoli moja ni nanomoli milioni moja. Hapo huzaliwa fuwele za bariti, yaani salfeti ya bariamu, nyingi zikiwa na ukubwa wa mikrometa moja au chache tu. Mwaka 1980 Frank Dehairs na wenzake walionyesha kwamba chembe hizi ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya bariamu isiyoyeyuka katika bahari ya wazi. Kibonge kikisambaratika, fuwele huachwa huru. Baadhi huyeyuka na kuongeza bariamu ya maji ya kina, na nyingine hufika sakafuni. Kwa hiyo bariti haihesabu kilichoota juu, bali kilichozama na kuoza njiani. Naisisitiza tofauti hii kwa sababu ripoti nyingi huipuuza.

Sasa turudi kwenye takwimu zako. Bariamu yote uliyopima haikutokana na viumbe, maana udongo wa nchi kavu huja na bariamu yake, na aluminiamu ndiyo inayotuonyesha udongo huo ni mwingi kiasi gani. Zidisha aluminiamu kwa uwiano wake na bariamu katika udongo, kisha toa jibu kwenye bariamu yote; kinachobaki ni ziada inayohesabiwa kuwa ya viumbe. Ukichukua uwiano wa 0.0075 wa bariamu kwa aluminiamu, unaokaribia wastani wa ukoko wa dunia, tabaka la chini linabaki na ziada ya miligramu 600 na la juu 500. Uzalishaji wa viumbe utaonekana umeshuka. Ukichukua 0.0037, uwiano mwingine unaotumika, ziada inakuwa 752 chini na 804 juu, utaonekana umepanda. Uwiano uliouchagua ndio unaoamua jibu, kwa hiyo kwa data hizi siwezi kukubali dai lolote kati ya hayo mawili. Pima uwiano wa udongo unaofika eneo lako hasa, au, kwa maoni yangu njia iliyo bora zaidi, tenganisha bariti yenyewe kwa kemikali kisha uihakikishe kwa hadubini ya elektroni.

Zidisha pia ziada hiyo kwa kasi ya kujengeka kwa mashapo. Tabaka la juu lina udongo mwingi, na huenda lilijengeka haraka. Miligramu 500 zilizozikwa kwa kasi maradufu ni bariti nyingi kuliko 600 zilizozikwa polepole.

Jambo la mwisho ni usalama wa kumbukumbu yenyewe. Katika mashapo yenye oksijeni, takriban theluthi moja ya bariti husalia, wakati kaboni ya viumbe kwa kawaida haifiki asilimia 1, na hapo ndipo thamani ya bariti ilipo. Lakini bakteria wakiimaliza salfeti iliyo katika maji ya ndani ya mashapo, bariti huyeyuka, bariamu hupanda, kisha huganda upya inapokutana na salfeti juu. Kilele chembamba na kikali kwenye mchoro wako wa bariamu kwa kina, chenye fuwele kubwa bapa badala ya zile ndogo za umbo la yai, kinaashiria mpaka huo wa kikemikali, pale salfeti inapoishia, na hakisemi lolote kuhusu rutuba ya kale. Pima salfeti ya maji hayo katika kila kina kabla ya kuyatafsiri matabaka yako.