Maswali ya Wasomaji: Kucha za Mpiga Gitaa

SWALI: Ninapigia kwaya gitaa kavu la nyuzi za chuma, kwa vidole vitupu. Nimefuga kucha za mkono wa kulia miezi miwili sasa. Ya kidole cha pete inanasa kwenye uzi, na ya kidole cha kati imepasuka mara tatu. Nikizikata, sauti inafifia. Urefu unaofaa ni upi?
Msomaji, Ujiji

JIBU: Geuza kiganja kikutazame, vidole vimesimama. Kucha za shahada, kati na pete zichungulie juu ya nyama milimita 1 hadi 2, basi. Gumba linaweza kufika 3, kwa kuwa linagusa uzi kwa ubavu. Kwa nyuzi za chuma kaa karibu na 1: zile nene zimezungushiwa waya, nao hula kucha kama tupa. Kucha huongezeka takriban milimita 3 kwa mwezi, kwa hiyo inoe kidogo kila baada ya siku tatu au nne, usingoje ikuzidi.

Lakini kunasa mara nyingi ni shauri la umbo. Uzi hutua kati ya nyama na kucha, upande ulioelekea gumba, kisha huteleza kwenye ukingo hadi uachie. Ukingo huo uwe kama mteremko: chini upande wa gumba, ukipanda taratibu bila kona. Penye kona ndipo uzi unaponasa, na ukinasa ama unapiga kelele ama unaondoka na kucha.

Kuna njia ya kuiona kasoro. Laza kipande cha msasa laini juu ya uzi wa kwanza, upande unaokwaruza uelekee kidole, upige kama kawaida mara kumi. Palipochubuka kwenye kucha ndipo pa kunoa. Malizia na msasa wa maji namba 1000, halafu 2000, ule wa wapaka rangi magari. Kisha pitisha kucha juu ya kanga. Ikivuta uzi wa kitambaa, bado.

Hiyo ya kati, tunashuku kikata kucha. Kinabana kitu kilichopinda ili kikilaze, na ufa unaanzia hapo hata kama hauuoni. Tumia tupa tu. Maji nayo: kucha ikilowa hulainika na kuvimba, ikikauka hunywea, na kwa anayefua au kuosha dagaa kila siku tabaka zake huachana. Usinoe wala usipige kucha ikiwa mbichi. Ipe nusu saa. Usiku sugua tone la mawese shinani na chini ya ncha (shuka litageuka rangi, tumekuonya), na asubuhi ufute vizuri, maana mafuta huua mlio wa nyuzi.

SWALI: Kucha ya shahada imekatika nusu, na Jumamosi nina harusi ya kupiga. Niende saluni wanibandike ya bandia?
Msomaji, Mwanga

JIBU: Kama kipande bado kimeshika, kiunge. Kata karatasi ya mfuko wa majani ya chai itoshe kufunika ufa, ilaze, dondosha tone moja la supa gluu, ikauke kabisa, rudia tabaka la pili, kisha piga msasa. Usitumie pamba: gundi hiyo ikikutana na pamba huchemka na kuunguza kidole.

Ya saluni hustahimili nyuzi za chuma kuliko ya kuzaliwa. Ubaya ni mashine ya kusugulia: hupunguza unene wa kucha yako, na kucha mpya huchukua kama miezi sita kufika nchani. Mwambie fundi asikwaruze sana, na usiibandue kwa kuing'oa; iloweshwe kwa asetoni.

SWALI: Lazima kucha?
Msomaji, Kibirizi

JIBU: Hapana. Wapiga gitaa wawili wa Hispania wa karne ya 19 ni ushahidi: Fernando Sor alipiga bila kucha, rafiki yake Dionisio Aguado akapiga nazo, na wote wawili walikuwa mabingwa. Kwa nyama tupu sauti huwa nene na ya chini. Kwaya ikiwa kubwa, sogeza mkono karibu na daraja la gitaa, kile kibao tumboni mwa gitaa kinachobeba nyuzi. Za mkono wa kushoto, hata hivyo, zikate hadi usizione.