Jedwali la washiriki lina faida gani?

SWALI: Mhariri, nina umri wa miaka 71. Kila ninaposoma matokeo ya majaribio ya virutubisho vya nyongeza kwa wazee, hukutana kwanza na jedwali la umri, jinsia, uzito na maradhi ya washiriki. Je, linanihusu?

JIBU: Linakuhusu sana, na kwa maoni yangu lisomwe kabla ya hitimisho, kwa kuwa ndilo linaloonyesha kama waliojaribiwa wanafanana nawe. Chukua jaribio la VITAL la Marekani, lililopima faida ya vidonge vya vitamini D na kuandikisha watu 25,871, wanaume kuanzia miaka 50 na wanawake kuanzia miaka 55, ambao hawakuwa wamewahi kupata mshtuko wa moyo wala kiharusi. Wastani wa umri ulikuwa miaka 67, na zaidi ya washiriki 5,000 walikuwa Wamarekani weusi.

Jicho litue hasa kwenye kiwango cha vitamini D katika damu kabla ya vidonge kuanza kutolewa: wengi wa waliopimwa hawakuwa na upungufu, na aliyekwisha kushiba hawezi kuthibitisha kwamba chakula huondoa njaa. Kwa hiyo, matokeo yalipoonyesha kuwa vitamini D haikupunguza idadi ya waliopata saratani au maradhi makubwa ya moyo, jibu hilo liliwahusu zaidi watu waliokuwa nayo ya kutosha.

Jedwali hilohilo huonyesha pia kama kundi lililopewa kirutubisho na lile lililopewa kidonge kitupu yalilingana tangu mwanzo. Wazee dhaifu, wasioweza kujihudumia, mara nyingi hawamo kabisa.