Re: Alama za matamshi zinatoka viboksi nikiprinti
Yakhe, pole. Umeuliza kwa nini kamusi yako ya maneno ya Pemba kwenye laptop inaonekana fresh halafu steshenari inatoka viboksi vitupu. Kosa si printa, ni fonti, yaani ule mtindo wa herufi wa kwenye kompyuta, kompyuta yao haina hio ulotumia wewe. Mimi yalinikuta Darajani, kurasa arubaini nimeshalipa, kila penye ŋ pana kiboksi, nilitaka kulia.

Dawa yake shusha fonti ya Charis SIL au Doulos SIL, bure zote na alama za IPA, zile za kimataifa za kuandikia matamshi, zimo kamili, andika kwa hio halafu usipeleke Word, sevu PDF fonti iingie ndani ya faili, hapo hata wakiprinti Wete itatoka vilevile.

Sasa nimeona kipande ulichoweka, "paa" mnyama na "paa" la nyumba umeandika sawasawa, hapo hapana yakhe! Mnyama ana pumzi, weka kiganja mbele ya mdomo useme "paa nunga", aina ya paa huyo, utaisikia, kwa hio yule ni [pʰaa] na la nyumba [paa] kavu. Na ile h ndogo ya juu ni herufi yake mwenyewe, ʰ, usichukue h ya kawaida ukaipandisha juu kwa Word mana ukikopi kwenda kwengine inashuka inakuwa "phaa", watu watasoma vyengine kabisa.

ng' ya ng'ombe ni ŋ, dh ni ð, th ni θ, gh ni ɣ. Hizo hazina tabu.